Sura ya 7: Kadi ya Grafiki kwa Sinema ya 4K Sebuleni

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo, au kule Luthuli Avenue jijini Nairobi, useme unatafuta kadi ya grafiki ya kuangalizia filamu za 4K. Swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Ya GB ngapi?" Swali hilo linahusu kumbukumbu ya kadi, na kwa mcheza gemu lina maana. Kwa mtu anayetaka kuunganisha kompyuta na runinga kubwa ili familia iangalie filamu, linampoteza njia kabla hajatoa pochi mfukoni.

Chukua mfano wa GeForce GT 730 yenye GB 4, kadi ambayo bado iko madukani mpaka leo. Ilitoka mwaka 2014. Tundu lake la HDMI ni la toleo la 1.4, na ndani yake hakuna kifaa cha kusimbua HEVC, kodeki (njia ya kubana video) inayobeba filamu nyingi za 4K. Pembeni yake kwenye rafu hiyo hiyo huenda ukakuta GT 1030 ya mwaka 2017, yenye GB 2 tu. Mteja anayehesabu GB ataiacha. Lakini hiyo ndiyo inayocheza filamu ya 4K bila kutetereka, huku ikila umeme wa wati 30 tu.

Kadi ya sinema ya nyumbani haichaguliwi kwa nguvu. Inachaguliwa kwa kile inachoweza kusimbua, kwa tundu inalotolea picha na kwa ukimya wake. Mengine yote yanakuja nyuma ya hayo, na kwa watu wengi hayaji kabisa.

Kazi iliyomo ndani ya fremu moja

Picha moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani pikseli 8,294,400, mara nne ya picha ya 1080p. Filamu huenda kwa fremu 24 hivi kila sekunde, kwa hiyo kompyuta inatakiwa kutoa karibu pikseli milioni 200 kwa sekunde, saa mbili mfululizo. Faili lenyewe halina pikseli zote hizo. Limebanwa: fremu chache zimehifadhiwa nzima, na zinazofuata zimeelezwa kwa tofauti zake tu, kwamba kipande hiki kimesogea kulia, kile kimeongezeka mwanga. Kusimbua ni kuzijenga upya fremu kutokana na maelezo hayo, tena kwa wakati. Kila fremu ina muda wa milisekunde 41 hivi. Ikichelewa, utaiona picha ikikwama.

Prosesa inaweza kufanya hesabu hizo yenyewe, ila kwa shida. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika zinazoingia kwetu kutoka Ulaya na Dubai, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyembamba zinazopendeza kukaa chini ya runinga, zina prosesa za kati ya mwaka 2012 na 2015. Zipe filamu ya HEVC ya biti 10 bila msaada wowote uone. Prosesa inapanda mpaka asilimia 100, feni inaanza kuunguruma, na mara tu mvua inaponyesha ndani ya filamu, au kamera inapokatiza msitu wenye majani yanayotikisika, picha inaanza kurukaruka. Mvua na majani ndivyo vipimo vyenyewe, kwa kuwa kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja na hakuna cha kurudia kutoka fremu iliyopita.

Hapo ndipo kadi ya grafiki inapoingia. Ndani ya kadi za kisasa kuna sehemu ndogo iliyotengenezwa kwa kazi ya kusimbua tu. NVIDIA wanaiita NVDEC, Intel wameiingiza katika Quick Sync, AMD wanaiita VCN. Sehemu hii haihusiani na ubabe wa kadi katika gemu, na wanunuzi wengi hawalijui hilo. GTX 980 ilipotoka Septemba 2014 ilikuwa ya daraja la juu kabisa, lakini haikuwa na kisimbuzi kamili cha HEVC. Miezi minne baadaye ikaja GTX 960, ya bei nafuu zaidi na dhaifu zaidi kwa gemu, ikiwa nacho. Kwa sebule, mdogo alimshinda mkubwa.

Ujue unacheza faili la aina gani

Kodeki zinazotuhusu ni nne. H.264 ya mwaka 2003 inasimbuliwa na karibu kila kompyuta iliyo hai. HEVC, inayoitwa pia H.265, ilikamilika mwaka 2013 na ndiyo kodeki ya diski za Ultra HD Blu-ray. Faili la 4K lenye rangi za HDR kwa kawaida ni HEVC ya biti 10. VP9 ni ya Google, nayo ya mwaka 2013, na YouTube huitumia kwa video za 4K. Ya nne ni AV1, iliyotolewa mwaka 2018 na muungano wa kampuni kubwa za teknolojia. Inabana zaidi kuliko zilizotangulia, na kwa sisi tunaonunua bando hilo si jambo dogo.

Sasa linganisha na vifaa. Kwa NVIDIA, kadi zote za mfululizo wa GTX 10, pamoja na GT 1030, zinasimbua HEVC ya biti 10 na VP9. AV1 inaanzia RTX 30 za mwaka 2020. GTX 1650, ambayo wengi huipenda kwa kuwa baadhi ya matoleo yake hayahitaji waya wa ziada wa umeme, haisimbui AV1. Kwa AMD, HEVC ya biti 10 inaanzia RX 400 za mwaka 2016, na AV1 inaanzia RX 6000. Ila hapo kuna mtego: RX 6400 na RX 6500 XT ziko katika mfululizo huo wa 6000 kwa jina, lakini kisimbuzi cha AV1 kimeondolewa. Kwa Intel, grafiki iliyomo ndani ya prosesa za kizazi cha 6 inasimbua HEVC ya biti 8 tu. Kizazi cha 7 kinaongeza biti 10 na VP9. Kizazi cha 11 kinaongeza AV1.

Rudia kusoma hayo ya Intel, kwa sababu yanaweza kukuokolea fedha yote. Kama kompyuta yako ina Core i5 ya kizazi cha 7 au cha 8, kisimbuzi unacho tayari ndani ya prosesa. Hutahitaji kadi kwa ajili ya filamu. Fundi hatakwambia hivyo kwa kuwa anauza kadi, na simlaumu, lakini wewe ujue. Unachokosa huenda ni tundu la kutolea picha.

Tundu na waya

HDMI 1.4 hupitisha 4K kwa Hz 30 tu. HDMI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2013, hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, zinazotosha 4K kwa Hz 60. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 hufika gigabiti 48, na 4K kwa Hz 120. Mwenye kuangalia filamu tupu hahitaji hiyo ya mwisho. Hata HDMI 1.4 ingeweza kubeba filamu ya fremu 24 isiyo na HDR, lakini mshale wa mausi unajikokota, na mechi ya mpira inayorushwa kwa Hz 50 inapoteza nusu ya fremu zake. Lenga HDMI 2.0.

Kompyuta za ofisi za Intel kizazi cha 7 mpaka cha 10 mara nyingi zina HDMI 1.4 pamoja na DisplayPort 1.2, na DisplayPort hiyo inaweza kutoa 4K kwa Hz 60. Runinga nazo karibu zote hazina DisplayPort. Kinachohitajika katikati ni adapta, na hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Adapta ya bei ya chini haibadilishi mawimbi. Inaiomba kompyuta itoe HDMI ya zamani kupitia tundu lile, na unarudi kwenye Hz 30. Inayotakiwa ina chipu ndani ya kubadilisha DisplayPort kuwa HDMI 2.0, na kwenye boksi lake huandikwa wazi 4K 60Hz. Tofauti ya bei kati yake na kadi mpya ni kubwa sana. Kwa runinga ya HDR ningeongeza tahadhari moja: si kila adapta ya aina hiyo inapitisha HDR, na mwenye runinga ya maana ya HDR heri anunue kadi yenye HDMI 2.0 au 2.1 yake yenyewe.

Waya nao usidharauliwe. Waya wa mita tano uliokuja na king'amuzi cha zamani unaweza kukubali 1080p na kukataa 4K: skrini inazima sekunde moja na kuwaka, au vinukta vyeupe vinameremeta kwenye sehemu nyeusi za picha. Mtu anaishtaki kadi wakati kosa ni la waya. Tafuta ulioandikwa Premium High Speed kwa gigabiti 18, au Ultra High Speed kwa 48.

Tundu hilo hilo hubeba sauti. Kama una ampilifaya ya sinema yenye HDMI, kadi itaipelekea Dolby TrueHD na DTS-HD bila kuzigusa, jambo ambalo waya wa optiki hauwezi. Kadi zote nilizotaja kuanzia GT 1030 zinafanya hivyo.

Fremu 23.976

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo kompyuta nyingi nzuri zinapoharibu filamu nzuri na mwenyewe asijue kinachomsumbua.

Filamu nyingi tunazopata haziendi kwa fremu 24 kamili. Zinaenda 23.976. Chanzo chake ni runinga ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, ambayo ilipunguza kidogo kasi ya picha kutoka 60 hadi 59.94 ili rangi ipite bila kugongana na sauti, na filamu zikafuata punguzo hilo hilo. Runinga za kwetu zilikulia kwenye PAL, yenye fremu 25 na Hz 50. Kompyuta nayo, ukiiwasha tu, hutoa Hz 60.

Filamu ya fremu 24 ikipita kwenye skrini ya Hz 60, fremu ya kwanza huonyeshwa mara tatu, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, na kuendelea hivyo. Watu wawili wakiwa wameketi wanazungumza, huoni kitu. Kamera inapozunguka taratibu juu ya jiji, au majina ya waigizaji yanapopanda mwishoni, unaona mwendo wa kushtukashtuka, kama gari lenye klachi mbovu. Wengi huuzoea wakadhani ndivyo filamu ilivyo. Sivyo ilivyo. Dawa ni kuiamuru kompyuta ibadilishe kasi ya skrini ifuate filamu: 23.976 kwa filamu, 50 kwa mpira na vipindi vya kwetu, 60 kwa video zilizopigwa kwa simu. Kodi, programu iliyojulikana kama XBMC mpaka mwaka 2014, ina mpangilio huo kwenye sehemu ya uchezaji wa video. Huwa umezimwa, na inafaa uuwashe siku ya kwanza.

Ila kadi lazima iweze kutoa 23.976 yenyewe, isiwe 24.000. Grafiki ya Intel ya kizazi cha Sandy Bridge, mwaka 2011, haikuweza. Ilitoa 24 kamili, na kila baada ya sekunde 40 hivi fremu moja ilirudiwa ili kufidia pengo, ukaona mshtuko mdogo usioelezeka. Tatizo hilo lilitulia kwa kizazi cha Haswell mwaka 2013. Kama umepewa kompyuta ya zamani kuliko hapo na unataka kuifanya ya sinema, hiyo ni sababu halali ya kununua kadi.

Jambo la jirani ni weusi. Kompyuta huhesabu mwanga kuanzia 0 mpaka 255. Runinga huhesabu kuanzia 16 mpaka 235. Kadi ikituma kwa hesabu moja na runinga ikasubiri nyingine, ama usiku wa kwenye filamu unakuwa kijivu kama umefunikwa na ukungu, ama koti jeusi la mhusika linakuwa doa moja lisilo na mikunjo. Kadi haina kosa. Fungua mipangilio ya kadi, badilisha upeo wa rangi, angalia tena eneo lile lile la filamu.

Ukimya, joto na nafasi

Gemu lina milio yake, na mchezaji huvaa hedifoni. Filamu ina sehemu za kunong'ona. Kadi yenye feni ndogo inayozunguka kwa kasi ikiwa mita mbili kutoka kochini itakuchosha ndani ya wiki moja. Kuna GT 1030 zisizo na feni kabisa, zenye bamba la alumini tu la kupoza, na kwa chumba chenye hewa ni chaguo zuri. Kwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, kompyuta ikiwa imefungiwa ndani ya kabati la runinga lenye mlango wa kioo, siishauri kadi isiyo na feni. Joto halina pa kwenda. Toboa mgongo wa kabati, au nunua kadi yenye feni kubwa inayosimama yenyewe kazi ikiwa ndogo. Kusimbua filamu ni kazi ndogo, na mara nyingi feni hiyo haitazunguka kabisa.

Pima kasha kabla ya kwenda dukani. Kompyuta nyembamba za ofisi hukubali kadi fupi za nusu kimo tu, na bamba la chuma la mwisho wa kadi lazima liwe la kimo hicho. Uliza kama limo ndani ya boksi. Pawa saplai zake nyingi ni za wati 200 hivi na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi yako itategemea umeme wa tundu la PCIe pekee, ambao kikomo chake ni wati 75. Hilo linaondoa kadi nyingi kubwa kwenye orodha, na kwa filamu hukosi kitu.

Ninazoziona zinafaa

Kwa mtu mwenye kompyuta ya zamani, runinga ya 4K na mafaili ya HEVC, GT 1030 bado inatosha, mradi asitegemee AV1. Chagua yenye kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 lilitoka toleo la DDR4 lenye jina hilo hilo na kasi ndogo zaidi, na jina la nje halikusaidii kulitambua. Soma boksi.

Anayetaka AV1 kwa bei ya chini aangalie Intel Arc A310 au A380. Visimbuzi vyake ni bora kwa bei hiyo. Lakini Intel wanazipendekeza kwa prosesa za kizazi cha 10 na kuendelea, na zinakula umeme zaidi ya inavyostahili hata zisipofanya kazi, mpaka urekebishe mipangilio ya kompyuta. Kwa kompyuta ya mwaka 2013 nisingezichagua.

Kadi ninayoipenda zaidi kwa sebule ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024. Inatumia wati 70, haihitaji waya wa ziada, kuna matoleo ya nusu kimo, ina HDMI 2.1 na inasimbua kodeki zote nne. Nguvu inayobaki ina kazi ya maana. Tuseme ukweli, nyumba nyingi hazichezi 4K muda wote. Zinacheza bongo muvi za 720p, mechi zilizorekodiwa, harusi ya dada iliyopigwa mwaka 2009. Kukuza picha hizo mpaka zijae skrini ya 4K ni hesabu, na programu kama madVR kwenye Windows hufanya hesabu hiyo vizuri kuliko runinga nyingi za bei ya kati, ila inaitaka kadi itoe jasho. Mwenye projekta atafaidi zaidi, kwa kuwa madVR pia huishusha HDR iingie kwenye mwanga mdogo wa projekta bila kuchoma mawingu. Kama hutatumia programu ya aina hiyo, usinunue nguvu hiyo.

Wanaotumia Linux na RX 6400 wajue kwamba mwanzoni mwa 2024 waratibu wa HDMI waliikatalia AMD kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva yake ya wazi, hivyo kadi ikakwama kwenye uwezo wa toleo la 2.0.

Na kadi yoyote haitoshi peke yake kwa huduma zenye ulinzi. Netflix ya 4K kwenye kompyuta ya Windows inataka Edge au programu yake yenyewe, pamoja na ulinzi wa HDCP 2.2 kuanzia kadi mpaka runinga. Diski halisi za Ultra HD Blu-ray zilihitaji kinga iliyoitwa SGX ndani ya prosesa ya Intel, na Intel waliiondoa kwenye prosesa za mezani kuanzia kizazi cha 11 mwaka 2021. Kama hayo ndiyo matumizi yako makuu, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye runinga au deki ya Blu-ray vitakuhudumia vizuri kuliko kadi yoyote.

Kabla hujalipa

Kadi bandia zipo. Chipu za mwaka 2011 hubandikwa jina la GTX 1050 Ti na kuuzwa zikiwa kwenye boksi jipya linalong'aa. Programu ya bure ya GPU-Z inazitambua nyingi na huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Beba hiyo kwenye flashi, pamoja na faili moja la HEVC la biti 10, uende navyo dukani. Mwombe muuzaji aiweke kadi kwenye kompyuta, afungue Task Manager upande wa GPU, kisha acheze faili lako. Mstari wa Video Decode unapaswa kupanda na wa prosesa ubaki chini. Kama kuna intaneti, fungua video ya 4K ya YouTube, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua takwimu, usome mstari wa kodeki: vp09 au av01. Muuzaji mwenye kadi halali hatachukia dakika kumi hizo, na akikataa, maduka ni mengi.